Taimshea ya Disney: piga hesabu ya ada kwanza

Pole na mawazo, dada. Umeuliza kama mnunue pointi za Disney Vacation Club, yaani taimshea ya Disney: mnanunua mapema haki ya kulala kwenye hoteli zao kila mwaka, na pointi ndizo mnazolipia siku za kulala. Sababu ni kuwa watoto wanataka Disney ya Orlando, Florida, kila mwaka. Bei ya kununulia si gharama pekee. Kinachoumiza ni ada ya mwaka, inayolipwa msafiri msisafiri, na hupanda. Mfano: pointi 150 kwa ada ya dola 9 kila moja ni dola 1,350 kila mwaka, kabla ya nauli na tiketi za kuingilia, maana pointi hasa ni za malazi. Ukikopa, weka na riba.

Halafu kuna tarehe. Hoteli yenu, yaani ile mliyonunulia pointi, mnaruhusiwa kuiwekea nafasi miezi 11 kabla, nyingine miezi 7. Likizo ya shule hujaa mapema, kwa hiyo kama kazini ruhusa hutolewa dakika za mwisho, msinunue.

Jaribuni kwanza kukodi pointi za mwanachama kwa safari moja. Mkiridhika, ulizieni za mkono wa pili. Huwa nafuu, ila zina vizuizi kwenye baadhi ya hoteli mpya.

Kama mmeshasaini Florida, mna siku 10 za kuvunja mkataba. Andikeni barua leo hii. Zikipita, muoneni wakili.