Hakuogofya si hakuogopa

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama Mkristo anayetukanwa na kutishiwa anyamaze, nanyi mmeweka 1 Petro 2:23: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano, alipoteswa, hakuogofya, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki."

Kwanza hilo neno "hakuogofya". Wengi hulisoma "hakuogopa", wakaishia kuhubiri ujasiri. Kuogofya ni kumtia mwenzako hofu. Petro anasema Yesu hakuwaambia "mtaniona". Hasemi alikuwa bubu: alipopigwa kofi mbele ya Anasi, aliyekuwa kuhani mkuu, alihoji, "wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Basi kuuliza ruksa, kutisha hapana.

Wanaotetea kimya hukimbilia 2 Samueli 16. Mfalme Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu aliyemwasi, Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anatokea kijiji cha Bahurimu, anamfuata kandokando ya mlima akilaani, akitupa mawe na kurusha mavumbi. Abishai, askari wa Daudi, anaomba akamkate kichwa. Daudi anakataa: mwacheni alaani. Mahubiri hukomea hapo, watu wakaitika amina. Hebu fungueni mbele. Sura ya 19 Daudi anarudi na ushindi, Shimei anawahi Yordani na watu 1,000 wa Benyamini, anaanguka kifudifudi, Daudi anamwapia kwamba hatakufa. Halafu 1 Wafalme 2: Daudi yuko kufani, na miongoni mwa maneno yake ya mwisho kwa mwanawe Sulemani ni kwamba mvi za Shimei zishuke kaburini na damu. Sulemani anamfungia Yerusalemu, akivuka kijito cha Kidroni afe. Baada ya miaka 3 watumwa wake 2 wanatorokea Gathi, mzee anatandika punda kuwafuata, na aliporudi nao Benaya, kwa amri ya Sulemani, akammaliza. Tusi la barabarani lilitunzwa miaka yote hiyo chini ya kimya kile kile tunachokisifu.

Ndiyo maana kwangu uzito wa aya uko kwenye "alijikabidhi". Katika Kigiriki kitenzi hicho hakina yambwa, yaani hakisemi alikabidhi nini; ile "-ji-", yaani nafsi yake, imejazwa na wafasiri, na wengine husoma kwamba alikabidhi kesi yake. Tena njeo yake, yaani wakati wa kitenzi, ni ya jambo linaloendelea: kila tusi lilikabidhiwa upya. Daudi hakukabidhi, aliweka akiba.

Nilishika kalamu nikitaka kusema "jibuni". Sasa nasita. Anayechemka anyamaze kwanza, maana swali la "wanipigia nini?" likitoka kwenye hasira huwa tishio tayari. Lakini msimwambie hivyo aliyetishiwa kuuawa. Petro hapo aliwaandikia watumishi wenye mabwana wakali (2:18), watu wasio na pa kushtaki. Paulo, raia wa Rumi aliyekuwa mikononi mwa askari wa Kirumi, alikuwa na pa kushtaki. Watu zaidi ya 40 walipoapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue (Matendo 23), hakuwajibu neno, wala hakukaa kimya. Mpwa wake alipomletea habari, alimwita akida mmoja wa askari hao, akamwambia ampeleke kijana kwa jemadari, mkuu wao. Usiku ule Paulo alisindikizwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200.