Je, jeshi la Marekani laweza kumshika raia bila kikomo?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni raia wa Marekani kwa kuandikishwa, mwaka wa nane sasa. Mdogo wangu yuko huku kwa grini kadi. Tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye anasema tangu ile sheria ya jeshi iliyosainiwa mwishoni mwa 2011, wanajeshi wanaweza kumchukua mtu yeyote nyumbani kwake, hata raia, wakamweka ndani bila kesi mpaka vita viishe, na vita vyenyewe havina mwisho. Mimi namwambia hiyo ni hofu tu, sheria yenyewe imeandika kwamba raia hawahusiki. Nani yuko sahihi? Na kama mimi niko salama, yeye je?

JIBU: Marahaba. Kila mmoja wenu ameshika nusu ya kweli akaigeuza nzima. Sheria ile haikusema raia anaweza kushikwa na jeshi bila kesi, na haikusema hawezi. Ilisema mambo yabaki kama yalivyokuwa. Shida ni kwamba hayo "yalivyokuwa" Mahakama ya Juu haijawahi kuyamaliza, na kila jibu lilipokaribia, serikali ilimwondoa mhusika mikononi mwa jeshi kabla majaji hawajalitoa.

Tuanze na maandishi. Inaitwa Sheria ya Idhini ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka wa fedha 2012, na Rais Obama aliisaini tarehe 31 Desemba 2011. Sheria ya namna hii hupitishwa kila mwaka kuliwekea jeshi bajeti na mipango yake. Ugomvi wenu unatoka kwenye vifungu viwili tu, cha 1021 na cha 1022.

Wewe umekisoma cha 1022. Hicho kinaliwekea jeshi sharti la kuwashika watu fulani wa al-Qaeda waliohusika kupanga au kufanya mashambulizi dhidi ya Marekani, kisha kinasema sharti hilo haliwahusu raia. Angalia neno lenyewe: kilichoondolewa kwa raia ni sharti. Mtu akikuambia si lazima ufunge mlango, hajakukataza kuufunga.

Mdogo wako amekisoma cha 1021. Hicho kinathibitisha kwamba azimio la Bunge la Septemba 2001, lile lililompa rais idhini ya kutumia nguvu za kijeshi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, linamruhusu kuwashika waliofanya mashambulizi hayo, na pia yeyote aliyekuwa sehemu ya al-Qaeda, Taliban au vikosi vinavyoshirikiana nao, au aliyewaunga mkono kwa kiasi kikubwa. Anaweza kushikwa bila kesi mpaka mapigano yaishe. "Kiasi kikubwa" ni kiasi gani? "Vikosi vinavyoshirikiana nao" ni vipi? Kifungu hakielezi. Hofu ya mdogo wako haikutoka hewani.

Lakini ndani ya kifungu hichohicho kuna aya (e), iliyoletwa na Seneta Dianne Feinstein wakati mjadala umechacha na ikapita kwa kura 99 dhidi ya 1. Inasema hakuna chochote katika kifungu hiki kitakachobadilisha sheria iliyopo kuhusu kuwashika raia, wakazi halali wa kudumu (wenye grini kadi), au watu wengine waliokamatwa ndani ya Marekani. Kura 99 katika Seneti ile si jambo la kila siku. Zilipatikana kwa sababu pande zote mbili ziliweza kuipigia kura aya hiyo huku kila upande ukiamini sheria iliyopo iko upande wake. Walioona raia hawezi kushikwa walisema ndivyo sheria ilivyo, na walioona anaweza walisema vilevile.

Sasa nikuonyeshe hiyo sheria iliyopo. Imo ndani ya maisha ya watu wachache sana, na kila mmoja wao nitamtaja kwa sababu yake.

Yaser Hamdi alizaliwa Baton Rouge, Louisiana, akakulia Saudi Arabia, akakamatwa Afghanistan mwaka 2001. Alipelekwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Cuba. Ilipogundulika kwamba ni raia wa kuzaliwa, akahamishiwa kwenye gereza la jeshi la wanamaji Norfolk, Virginia, na baadaye Charleston, South Carolina. Hakufunguliwa mashtaka yoyote. Serikali ilidai kwamba maelezo ya kurasa chache ya ofisa mmoja wa Wizara ya Ulinzi yanatosha, majaji wasichimbe zaidi. Tarehe 28 Juni 2004 majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu waliikataa hoja hiyo. Jaji Sandra Day O'Connor, akiandika kwa niaba ya majaji 4, alisema hali ya vita haimpi rais hundi isiyojazwa kiasi inapofika kwenye haki za raia.

Wengi hunukuu mstari huo wakaishia hapo. Soma na mengine. Maoni hayohayo yalisema raia aliyekamatwa akipigana Afghanistan anaweza kushikwa mpaka mapigano hayo yaishe, mradi aelezwe sababu za kushikwa na apewe nafasi ya haki ya kuzipinga mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Na katika kusikilizwa huko, ushahidi wa kuambiwa waweza kupokelewa, na ushahidi wa serikali ukahesabiwa kweli mpaka yeye auvunje. Kwa mtu aliye ndani ya gereza la jeshi, ushahidi wake ukiwa umebaki ng'ambo, huo ni mlima. Jaji Antonin Scalia, akiungana na Jaji John Paul Stevens, alisema vingine: raia ashtakiwe kwa uhaini au kosa jingine, la sivyo aachiwe, isipokuwa Bunge limesimamisha haki ya habeas corpus, yaani haki ya kumtaka jaji aulize mtu ameshikwa kwa sheria gani. Mimi naamini hao wawili ndio walioisoma Katiba sawasawa, lakini yalikuwa maoni ya wachache.

Na Hamdi mwenyewe? Kule kusikilizwa hakukufanyika. Oktoba mwaka huohuo serikali, iliyokuwa imesema mtu huyu ni hatari kiasi cha kutoruhusiwa hata kuonana na wakili, ilimrudisha Saudi Arabia kwa sharti kwamba auachie uraia wake.

Kesi iliyo karibu zaidi na swali lako ni ya José Padilla, kwa kuwa yeye alikamatwa ndani ya nchi. Mzaliwa wa Brooklyn, alishuka kwenye ndege uwanja wa O'Hare, Chicago, tarehe 8 Mei 2002, akakamatwa kama shahidi muhimu, yaani mtu anayeshikwa ili atoe ushahidi. Wakili wake alikuwa amepangiwa kufika mbele ya jaji New York tarehe 11 Juni. Siku mbili kabla, rais alimtangaza kuwa mpiganaji wa adui, na jeshi likamhamishia Charleston. Kesho yake Mwanasheria Mkuu wa serikali, akiwa Moscow, aliitangazia dunia kwamba Padilla alipanga bomu la mionzi. Alikaa karibu miaka 2 bila kuonana na wakili wake.

Ombi lake la habeas corpus lilifika Mahakama ya Juu siku ileile na la Hamdi. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakasema limefunguliwa mahakama isiyohusika, lianze upya. Likaanza upya South Carolina. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya huko ikaipa serikali ushindi: ndiyo, rais anaweza. Padilla akaomba Mahakama ya Juu isikilize. Kabla haijaamua kama itasikiliza, Novemba 2005, serikali ikamfungulia mashtaka ya kawaida ya jinai Miami, na shauri la kushikwa na jeshi likakosa mguu wa kusimamia. Lile bomu halikuwamo hata kwenye hati ya mashtaka. Alitiwa hatiani 2007 kwa njama za kusaidia mapigano nje ya nchi, na hilo ni haki ya mahakama kuliamua. Lakini ile miaka mitatu na nusu mikononi mwa jeshi, Mahakama ya Juu haikusema kamwe kama ilikuwa halali. Nimekuwa wakili muda mrefu na bado jambo hilo linaniuma.

Mdogo wako anaangukia zaidi kwenye kesi ya Ali al-Marri, raia wa Qatar aliyekuwa akisoma Peoria, Illinois, na viza halali. Alikamatwa Desemba 2001 na kushtakiwa kwa jinai katika mahakama ya kiraia. Juni 2003 mashtaka yalifutwa, akakabidhiwa jeshi, akashikiliwa Charleston zaidi ya miaka 5. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa iligawanyika vibaya lakini ikasema rais ana mamlaka hayo. Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza. Mapema 2009 serikali mpya ikamfungulia mashtaka ya jinai, na hukumu ile ya rufaa ikafutwa. Kwa hiyo hata huo uamuzi uliowapa nguvu waliotaka kuwashika watu haupo tena. Mwenye grini kadi ana mizizi mirefu kisheria kuliko mwanafunzi wa viza, na aya (e) inamtaja mkazi wa kudumu kwa jina. Kwa jambo hili, ndani ya mipaka ya Marekani, wewe na yeye mnasimama karibu sehemu moja.

Iko na kesi ya karibuni zaidi. Septemba 2017 raia wa Marekani mwenye pia uraia wa Saudi Arabia alikabidhiwa kwa wanajeshi wa Marekani kutoka Syria, akishukiwa kuwa wa kundi la Islamic State, akashikiliwa Iraq. Mahakamani aliitwa John Doe. Shirika la kutetea haki la ACLU lilimfungulia ombi bila hata kulijua jina lake, na jaji akaamuru waruhusiwe kuzungumza naye. Serikali ilitaka kumkabidhi kwa nchi nyingine, mahakama ya rufaa ya Washington ikazuia. Baada ya miezi kama 13 aliachiwa, akapelekwa Bahrain. Swali la kama azimio la 2001 linahusu kundi ambalo halikuwepo kwa jina hilo siku azimio linapitishwa likabaki mezani.

Utaniuliza, hakuna sheria ya Bunge inayomlinda raia? Iko, ya mwaka 1971, na ni fupi: raia asifungwe wala kushikwa na Marekani ila kwa sheria ya Bunge. Ilizaliwa na aibu. Kuanzia 1942, kwa amri ya Rais Roosevelt, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa makwao na kuwekwa kambini, na kama theluthi mbili yao walikuwa raia. Mwaka 1988 Bunge liliomba radhi na kuwalipa waliokuwa hai dola 20,000 kila mmoja. Wabunge wa 1971 walitaka hilo lisirudi. Ila maneno "kwa sheria ya Bunge" ndiyo yaliyotumika dhidi ya Hamdi: maoni ya majaji wale 4 yalisema azimio la 2001 ni sheria ya Bunge, basi inatosha.

Kifungu cha 1021 chenyewe kilipelekwa mahakamani mapema 2012 na mwandishi wa habari Chris Hedges na wenzake, ambao kazi yao iliwakutanisha na makundi kama hayo. Wakili wa serikali alipoulizwa na jaji kama kazi hiyo ingeweza kuwaingiza kwenye kifungu, hakuweza kuwahakikishia kwamba haitawaingiza. Jaji Katherine Forrest akaweka zuio. Mahakama ya rufaa ikaliondoa Julai 2013 ikisema kwamba kwa raia, kifungu hakisemi lolote kuhusu mamlaka ya rais kuwashika, hivyo hawana cha kulalamikia. Mahakama ya Juu ikakataa kulipokea Aprili 2014. Walitoka mikono mitupu, lakini sentensi hiyo ya mahakama ya rufaa ni ngao yako: yeyote atakayetaka kukushika kwa kifungu cha 1021 hawezi kukitumia peke yake.

Obama aliposaini aliandika kwamba serikali yake haitaidhinisha raia kushikwa na jeshi bila kesi kwa muda usio na kikomo. Namwamini kwamba alimaanisha. Ila ni ahadi ya serikali moja, na iliyofuata haikufungwa nayo. Chenye uzito zaidi ni kifungu cha 1029 cha sheria ya mwaka uliofuata, kinachosema sheria hizi zisitafsiriwe kumnyima aliye ndani ya Marekani haki ya habeas corpus wala haki nyingine za Katiba alizokuwa nazo.

Nimeitaja habeas corpus mara kadhaa. Ni ombi la kumtaka jaji amwamuru anayemshikilia mtu aeleze kwa sheria gani anafanya hivyo. Ndiyo iliyomfikisha kila mmoja wa hao mahakamani, na kwa kuwa mtu aliyeshikwa bila wakili hawezi kuandika ombi, sheria inaruhusu ndugu wa karibu alifungue kwa niaba yake. Mtetezi wa umma, yaani wakili anayelipwa na serikali kutetea washtakiwa, alijaribu kumfungulia Hamdi, mahakama ikamkataa kwa sababu hawakuwa na uhusiano wowote; lilipokelewa la baba yake. Kwa hiyo likitokea kwa mdogo wako, jina linaloanza kwenye karatasi liwe lako. Lifunguliwe katika wilaya ya mahakama lilipo gereza, na limtaje mkuu wa gereza hilo, si waziri. Padilla alirudishwa mwanzo baada ya miaka 2 kwa kukosea mambo hayo mawili. Akishikwa nje ya nchi, kama yule wa Iraq, lipelekwe Washington.