Friedrich Schorr alikuwa dini gani?

Wengine wanadai Schorr, yule mwimbaji wa opera, alikuwa Mkatoliki. Hapana, alikuwa Myahudi, na hilo halina utata kabisa. Baba yake alikuwa muimbishaji wa ibada kwenye sinagogi, yaani yule anayeongoza sala kwa kuimba, ndo maana ukisikiliza rekodi zake za zamani utasikia zile pumzi ndefu na sauti nzito isiyopiga kelele, mimi naamini kabisa alianza kujifunzia nyumbani. Hoja ya kwamba aliimba Bayreuth, lile tamasha la opera za Wagner huko Ujerumani, so lazima awe Mkristo haishiki, kweli aliimba Wotan (mungu mkuu kwenye opera hizo) pale kuanzia 1925 hadi 1931 ila ni uamuzi wa waendeshaji tu walitaka sauti bora, na Hitler mwenyewe alipohudhuria 1925 alikasirika sana kuona Myahudi kapewa nafasi ya huyo mungu mkuu, hii iko kwenye historia za tamasha lile na wasifu wa Hitler, sio story za vijiweni. Baadaye akahamia Marekani, kule Metropolitan, jumba la opera la New York, alikuwa ameshaanza kuimba toka 1924 na akaendelea mpaka 1943.

Kitu kimoja tu, wengine watakuja kubisha eti sio Mhungaria. Alizaliwa Nagyvárad 1888, wakati huo mji ulikuwa Hungaria, leo unaitwa Oradea na uko Romania kwa sababu mipaka ilihamishwa baada ya vita ya kwanza ya dunia. Kwa hiyo Mhungaria kwa kuzaliwa, Myahudi kwa dini ya nyumbani kwao, vyote viwili ni kweli.