Usukani kutetemeka kwenye gari jipya: chunguza tairi kabla ya kulipia alaimenti

Ndugu, umeeleza kwamba pikapu yako, uliyoichukua kwa wakala ikiwa mpya kabisa, inatetemesha usukani ikifika kilomita 90 kwa saa na kutulia ikivuka 110, kwamba magurudumu yamefanyiwa balansi (kusawazisha uzito wake kwa vipande vya risasi) zaidi ya mara moja, na kwamba sasa unashauriwa kufanya alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu. Nina gari la aina hiyo hapa Tanga, na tatizo hilo lilinisumbua kwa miezi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Alaimenti iache kwanza. Kazi yake ni kurekebisha gari linalovuta upande mmoja au linalokula tairi pembeni, ilhali mtetemo unaozuka kwenye mwendo fulani na kutoweka kwenye mwingine karibu kila mara hutoka kwenye kitu kinachozunguka. Tairi la kipimo cha 265/65R17 lina mzingo wa mita 2.4 hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka takribani mara 11 kila sekunde, na gramu 30 tu zilizozidi ukingoni mwa rimu huvuta kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 3. Tope la njia ya Amani lililokaukia ndani ya rimu linaweza kuzidi hapo, nawe ukamlaumu fundi bure. Osha rimu kwa ndani kabla ya jambo lolote.

Pima pia upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mapya mara nyingi husafirishwa yakiwa na upepo mwingi kupita kiasi ili tairi zisibonyee kwa kusimama muda mrefu, na si kila wakala hukumbuka kuupunguza. Tairi lililobonyea kidogo kwa kusimama kwa kawaida hurudia umbo lake likipata joto. Mimi niliitumia barabara ya Segera kama kipimo: ni kilomita 70 hivi kutoka mjini, na gari linaloendelea kutetemeka baada ya kupita Hale lina ugonjwa mwingine.

Hatua iliyonifungua macho haikugharimu chochote. Usukani ukitetemeka, shaka iko mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka, shaka iko nyuma. Nilihamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele, kisha nikarudia kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Usukani ukatulia, kiti kikaanza kutetemeka. Kwa kuliingiza gurudumu la akiba mahali pa moja baada ya jingine, nikampata mkorofi, ambaye mashine ya balansi ilikuwa imempa sifuri safi.

Hilo linawezekanaje? Mashine ya kawaida hulizungusha gurudumu likiwa hewani, bila uzito wa gari. Inapima uzito ulivyogawanyika, lakini haioni tairi lenye sehemu ngumu kuliko nyingine, ambalo huonyesha tabia yake likikanyaga lami tu. Zipo mashine zenye rola inayolikandamiza tairi wakati linazunguka, na ndiyo niliyoifuata Dar es Salaam. Kabla ya safari hiyo, mwombe fundi ajaribu mambo mawili. Kwanza, baada ya mashine kuonyesha sifuri, alilegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko, alifunge tena na kupima. Namba zikibadilika, gurudumu halikukaa katikati ya mashine, na balansi yote ile ilikuwa kazi bure. Pili, alizungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu yake na kufanya balansi upya, kwa kuwa wakati mwingine sehemu iliyoinuka ya tairi imeangukia sehemu iliyoinuka ya rimu. Na nati zifungwe kwa kukingamana, hatua kwa hatua, habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) ikiwa imesafishwa. Bunduki ya upepo inayokaza moja hadi mwisho kisha jirani yake siipendi hata kidogo.

Kuhusu wakala: wa kwangu alisema kasoro ni barabara zetu. Maneno hayo hayana nguvu ukiwa na maandishi. Andika mtetemo unaanzia mwendo gani, ulihama vipi magurudumu yalipobadilishana, na tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Soma vizuri dhamana yako, maana mara nyingi tairi huwa chini ya dhamana ya mtengenezaji wa tairi, si ya gari. Barua yenye taarifa hizo ndiyo iliyonipatia tairi jingine.

Magurudumu yakibadilishana na hali isibadilike hata chembe, achana na tairi. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta tu na kuisha ukiachia unaelekeza kwenye propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) au shafti za magurudumu. Unaokuja ukifunga breki tu, kwenye diski. Hapo gari lirudi kwa wakala likiwa na dhamana, wala usikubali mtu alifungue mtaani.