Siku Tatu Roma na Mfuko Mwepesi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitahudhuria semina mjini Roma, na itakapomalizika nitabaki huko siku tatu kwa gharama zangu mwenyewe, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimesikia kwamba Jumapili hiyo watu huingia bure Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo. Je, nisubiri siku hiyo, au kuna namna nyingine ya kuuona mji huo wa kale bila kumaliza akiba yangu?
Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, makumbusho na magofu yaliyo chini ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio, na Colosseum ni mojawapo. Hata hivyo, ningekushauri usiende huko siku hiyo, kwa sababu wazo ulilo nalo wewe wanalo pia maelfu ya watu wengine, na mtu mwenye siku tatu tu akipoteza nusu ya siku moja kwenye foleni atakuwa amelipa, ingawa si kwa fedha. Lipia tiketi hiyo moja, uende Ijumaa asubuhi na mapema. Tiketi ya kawaida hukuruhusu kuingia pia Foro Romano, magofu ya kitovu cha mji wa kale, na kilima cha Palatino, na mahali hapo pawili panatosha kukushughulisha hadi jioni. Inunue kwenye tovuti rasmi, kwani wachuuzi wanaozengea karibu na lango huweka chao juu ya bei. Tangu 2023 tiketi huandikwa jina la mgeni, kwa hiyo uwe na pasipoti mkononi.

Jumapili yako ya bure itumie mahali ambapo wengi hawapakumbuki. Palazzo Massimo, makumbusho ya serikali karibu na kituo kikuu cha treni cha Termini, kuna chumba kilichozungushiwa kuta zenye picha ya bustani, zilizotolewa katika nyumba ya Livia, mke wa Kaisari Augusto: miti ya matunda, maua na ndege, vyote vimechorwa miaka 2,000 iliyopita na bado rangi inaonekana. Pantheon nayo, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, ambayo Julai 2023 ilianza kuwatoza wageni euro 5, siku hiyo haitozi.

Jumamosi ndiyo siku ninayokuonea wivu, kwa sababu makumbusho makubwa kuliko yote Roma, kwa maoni yangu, ni makanisa yake, na karibu yote huingiwa bure. Anza na San Luigi dei Francesi, hatua chache kutoka Pantheon, ambamo zimo picha tatu za mchoraji Caravaggio zinazomhusu Mtakatifu Mathayo. Kikanisa cha pembeni zilimo kina giza, na kando yake kuna kisanduku cha sarafu. Ukitumbukiza sarafu, taa huwaka, na ghafla unawaona watoza ushuru mezani na fedha zao, na mkono wa Yesu umenyooshwa kutoka kulia. Baada ya muda mfupi taa huzimika. Usipokuwa na sarafu, simama tu hapo kwa subira, maana hakosi mwingine wa kutumbukiza yake. Katika San Pietro in Vincoli, si mbali na Colosseum, utamkuta Musa aliyechongwa na Michelangelo, sanamu yenye pembe mbili kichwani.

Makanisa mengi madogo hufungwa mchana kwa saa kadhaa, basi muda huo uwe wa Basilika la Mtakatifu Petro, ambalo halifungwi na halina kiingilio, isipokuwa ukitaka kupanda kubani. Mabega na magoti yafunikwe, la sivyo utarudishwa mlangoni. Ukiingia tu, kikanisa cha kwanza kulia kina Pietà, sanamu ya Michelangelo ya Maria akiwa amempakata Yesu aliyekufa, iliyowekwa nyuma ya kioo baada ya mtu kuivunjavunja kwa nyundo mwaka 1972. Cappella Sistina, kikanisa chenye dari iliyochorwa na Michelangelo, imo ndani ya Makumbusho ya Vatikani, ambayo Jumapili ya bure huwa nayo ile ya mwisho wa mwezi, na yako hufungwa. Ukiona huwezi kurudi nyumbani bila kuiona, hiyo iwe tiketi yako ya pili.

Maji usinunue. Mitaani kuna vibomba vya chuma, ambavyo wenyeji huviita nasoni, vinavyotiririsha maji safi ya kunywa mchana na usiku. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yataruka juu kupitia tundu dogo, unywe bila kikombe. Kahawa nayo inywe ukiwa umesimama kaunta, kwani ukikaa mezani bei hupanda, wakati mwingine maradufu.

Fedha huponyoka zaidi kwa njia ya faini. Tiketi ya karatasi ya basi isipogongwa mhuri kwenye mashine ndani ya gari huhesabiwa kuwa si tiketi, na tangu 2019 kukaa kwenye Ngazi za Kihispania ni kosa linaloweza kukugharimu euro 250. Mwisho, ulizia hotelini kabla ya kufika kama bei uliyopewa imejumuisha kodi ya jiji, ambayo kila mgeni hutozwa kwa kila usiku, na mara nyingi hudaiwa siku ya kuondoka.