Muulize Fundi: Mkia Unanitoroka Mvuani

SWALI: Fundi, salamu. Mwezi wa Februari nililetewa Subaru BRZ kutoka Japani, gari nililolitamani tangu nikiwa chuoni. Raha haijaja. Kwenye Barabara ya Mombasa nikifika kilomita 80 kwa saa, linafuata mifereji iliyochimbwa na malori kana kwamba lina macho yake. Hata nikienda moja kwa moja, usukani umelala kulia kidogo. Nilinunua matairi mawili mapya nikayafunga mbele, nikapima alainimenti (mwelekeo wa magurudumu) mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa liko sawa. Kisha Jumanne mvua ilininyeshea kwenye raundabauti ya Nyayo, nyuma pakateleza, nikajikuta ana kwa ana na matatu. Gereji wanasema ni shokamzoba, zote nne. Ninunue?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Weka pesa mfukoni kwanza. Piga magoti nyuma ya gari usome ubavu wa tairi. Nakisia utakuta neno STUDLESS. Magari mengi yanashuka Mombasa yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji ya Japani, na muuzaji hasemi kwa sababu kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, hazijaisha na yanang'aa. Mpira wake ni laini, umechanjwa chale nyembamba za kung'ang'ania barafu. Kwenye lami yetu yenye joto, vipande hivyo vinanesa kama godoro. Ukikata kona, matairi mapya ya mbele yanauma papo hapo, ya nyuma yanachelewa. Lami ikilowa, hayaumi kabisa.

Soma pia zile tarakimu nne kwenye ubavu: 4117 ni wiki ya 41 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Kufunga mapya mbele ndilo kosa lililokupeleka kwa matatu. Wengi hulifanya, nami nililifanya nikiwa kijana na gari la mteja, sitaki kulikumbuka. Mbele pakiteleza, gari linapanuka nje ya kona, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma pakiteleza unazunguka, na BRZ husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nunua matairi manne ya aina moja. Kama mfuko unaruhusu mawili tu, yafungwe nyuma.

Sasa hiyo alainimenti. Walikupa karatasi? Kama ina namba za mbele peke yake, umelipia nusu ya kazi. Usukani uliolala na gari "liko sawa" havikai nyumba moja. Huenda gurudumu moja la nyuma lilipigwa na shimo, sasa linatazama pembeni, na gari linakwenda kama mbwa akitroti, kichwa huku na kiuno kule. Ukinyoosha ya mbele bila kugusa ya nyuma, unanyoosha kufuata kilichopinda.

Na mifereji ya malori? Kagua kama magurudumu ya mbele yametazama nje. Yakiwa hivyo ni kama maksai wawili, kila mmoja anavuta upande wake. Kwenye lami isiyo na mifereji wanatoshana nguvu. Ukingo wa mfereji ukimpa mmoja nafasi, anakuburura naye. Madereva wa mashindano huyapenda kidogo hivyo kwa sababu gari linaingia konani upesi. Wewe unakwenda kazini. Mwambie fundi: mbele sifuri, nyuma yatazame ndani milimita moja au mbili, ndipo mkia utulie.

Watakuambia pia habari za kuinamisha vichwa vya magurudumu kuelekea ndani. Inasaidia, kwa sababu bodi ikilala konani tairi linakaa bapa. Lakini mbele ya BRZ bolti za kiwandani haziruhusu, lazima ununue maalumu. Achana nazo kwa sasa.

Kabla ya kupima, bushi na boljointi, yaani viungo vinavyoshika magurudumu, zikaguliwe. Zikiwa zimelegea, unateka maji kwa pakacha. Na upepo! Niliwahi kumrudisha mteja mara tatu kwa gari linalovuta kushoto, nikageuza tairodi, vyuma vya kunyoosha magurudumu ya mbele, hadi nikachoka, kumbe tairi la kushoto lilikuwa na psi 10 pungufu. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kitakuambia 240 kPa, yaani psi 35, matairi yakiwa ya baridi. Usimwachie kijana wa petroli akisie.

Na kama hapo mtaani yupo mzee anayepima kwa kamba na rula, msimcheke. Kamba iliyovutwa sawasawa pande zote mbili haidanganyi, na hata timu za mbio huitumia. Mashine ya alainimenti yenye sahani chafu hudanganya, tena kwa rangi ya kijani ya "liko sawa".

Shokamzoba zinazovuja mafuta, badilisha. Zikiwa kavu, zisikusumbue hadi tumalize haya.

SWALI: Fundi, nina Mazda Demio, rimu inchi 14. Nikiweka 17 litashika kona kama gari la mbio?
Dada wa Kasarani

JIBU: Litashika kidogo zaidi, na kila shimo la Kasarani utalisikia kwenye meno. Nunua matairi mazuri ya 14, ubaki na chenji ya nyama.