Kabla hujachagua madini ya kupozea chini ya kelvini 1

Wanaoanza kazi za baridi kali huniuliza watumie madini gani kupozea kwa sumaku. Nami huwauliza: unataka kushuka hadi wapi, na ukifika unataka kukaa muda gani?

Kazi yenyewe iko hivi. Madini yakishapozwa na heliamu hadi kelvini 2 au 4 (kelvini 0 ndiyo baridi ya mwisho kabisa), unawasha sumaku kubwa. Vijisumaku vya atomi vinajipanga, joto linatoka na kuchukuliwa na heliamu. Halafu unakata njia ya joto, unapunguza sumaku polepole. Vijisumaku vinavurugika tena, na joto la kuvurugikia vinalichota humo humo ndani ya madini. Kwa njia hii wanakemia Giauque na MacDougall walifika kelvini 0.25 huko Berkeley, Marekani, mwaka 1933, wakitumia salfeti ya gadolini.

Wengi hukimbilia garneti ya gadolini na gali, oksaidi ngumu inayoonekana kama kioo. Si vibaya, ina nguvu kweli. Ila vijisumaku vyake vimebanana. Ukikaribia kelvini 1 vinaanza kushikana vyenyewe, na chini ya takriban nusu kelvini hupati cha maana hata ukizima sumaku kabisa. Anayetaka milikelvini (sehemu za elfu za kelvini) atafute madini ambayo vijisumaku vyake vimekaa mbalimbali. Borati ya potasi, bari na iterbi iliyopimwa Augsburg, Ujerumani, ilishuka hadi milikelvini 22. Hasara yake ni hii: vijisumaku vichache kwa ujazo ule ule, kwa hiyo joto dogo tu likipenya, baridi inaisha mapema.

Shabu za chuma na kromi, walizozoea wazee wetu wa maabara, nazo zinafika chini sana. Lakini zimebeba maji. Zikiachwa wazi kwenye ombwe, au zikipashwa moto kidogo, maji yanatoka na shabu imeharibika. Oksaidi, yaani garneti au borati, unaioka bila wasiwasi. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuamua.

Sasa jambo linalopuuzwa: unga wa oksaidi haupitishi joto vizuri. Mimi huuchanganya na unga laini wa fedha, nusu kwa nusu kwa uzito, nikaukandamiza kwa jeki hadi kitoke kidonge cha kijivu kinachong'aa ukikikwaruza kwa ukucha. Kingo zikimeguka, saga upya. Na kipimajoto kifunge kwenye sampuli, yaani kitu unachotaka kukipoza, si kwenye kidonge. Kidonge kitakuonyesha namba nzuri huku sampuli yako bado ina joto.